Koleo la Aliko na Shingo ya Mama

Ikolo, Kyela
11 Machi 2024

Mdogo wangu Aliko,

Ugonile. Ile shikamoo ambayo hukuituma nimeipokea, marahaba. Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha mpaka vyura wamechoka, na mpunga wa Mama kule Ndandalo umesimama vizuri isipokuwa ile kona ya mtoni ambako maji yameamua kuhamia. Kakao hazikauki, tunazianika asubuhi na kuzianua kabla ya chai. Mama anakusalimu na anauliza kama mkeo Jubilate bado ana kile kikohozi.

Usishangae kuona barua. Nikikupigia simu unasema, "Dada, niko kikaoni." Nikikutumia ujumbe unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Isitoshe, nyumbani siwezi kuongea nawe, maana Mama akisikia jina lako tu anakuja kuninyang'anya simu na kuanza habari za kakao. Kwa kuwa makoleo yako lazima yarudi Dar es Salaam ukayakague, ndani ya boksi kwa basi, na barua itapanda humohumo. Barua huwezi kuikata.

Haya. Ulipotuletea makoleo yako nilijisifu mpaka kwa Mchungaji. Nilisema mdogo wangu amebuni koleo la umeme la upasuaji ambalo halihitaji ile pedi ya kubandika pajani, pedi ambayo kwa jasho la Kyela inabanduka katikati ya kazi na kumwachia mgonjwa lengelenge. Nikaeleza kwamba hili umeme unaingia mguu mmoja wa koleo na kutokea mguu wa pili, unapita kwenye kile kinyama tu kilichobanwa katikati. Dokta Ambilikile alilipenda siku ya kwanza kama mtu aliyepewa baiskeli. Sasa halipendi. Linanata, Aliko. Anabana mshipa, anakanyaga pedali, damu inakauka vizuri kabisa, kisha akifungua koleo kigaga kinang'oka nalo na damu inaanza upya. Jumanne alilitupa kwenye beseni akasema, "Sista Angetile, mwambie mdogo wako hili ni la kung'olea misumari." Thieta nzima ilicheka. Mimi sikucheka kwa sababu ni la kwetu.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Rovu la Mama limekua. Kitenge anachojifunga shingoni hakifichi tena kitu, na akilala chali anakoroma kama anayekabwa. Dokta anasema litolewe, na angependa kulitoa kwa koleo lako, kwa kuwa shingoni damu ni nyingi na nafasi ni ndogo. Lakini nyuma ya rovu unapita mshipa wa fahamu wa sauti, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukipata joto, sauti inaondoka. Na unajua sauti ya Mama ni nini hapa. Ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani tangu mimi sijazaliwa, na hata msibani watu hawalii ipasavyo mpaka yeye aanze.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Joto la koleo lako linasambaa umbali gani pembeni ya ncha? Na wewe mwenyewe, ungekubali litumike kwenye shingo ya Mama?

Dada yako,
Angetile


Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Dada Angetile,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi cha Jubilate kimeisha na sasa kimehamia kwa mtoto. Boksi lilikaa muda mrefu ofisi ya basi kwa sababu uliandika jina langu bila namba ya simu, na hapa mjini akina Aliko ni wengi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kunata. Dada, kwa heshima zote, hilo si kosa la koleo. Umeme ni uleule mmoja. Ukitiririka mfululizo unachemsha maji yaliyo ndani ya nyama mpaka inapasuka, na hapo unakata. Ukija kwa vipande vipande unakausha taratibu, na hapo unazuia damu. Nyinyi mna haraka, mnapandisha namba kwenye mashine, nyama inaungua badala ya kukauka, na kilichoungua lazima kinate. Muulize yeyote aliyewahi kuacha ugali jikoni.

Ncha za makoleo yale nimezipaka utando maalumu usioshika nyama. Nimeufanyia kazi miaka miwili. Hapa karakana ninabana maini ya ng'ombe kutwa nzima, hayanati hata kidogo. Mlinzi wetu siku hizi anakuja na chumvi yake mfukoni kwa sababu ya harufu. Kwa hiyo tafadhali shusheni namba, na kila baada ya kubana futeni ncha kwa kitambaa chenye maji. Bwana Godwin, mwenye karakana, anasubiri majibu ya hospitali kabla ya mwisho wa mwaka. Yasipokuwa mazuri, anafunga kazi ya makoleo na sote tutahamia kutengeneza vitanda vya wagonjwa. Neno "linanata" peke yake halinisaidii kitu.

Mama apelekwe Mbeya. Kule wapo wataalamu wengi na kila kifaa.

Mdogo wako,
Aliko


Ikolo
27 Aprili 2024

Aliko,

Ndaga, asante kwa salamu. Mtoto mpe asali na ndimu, na umwondoe hapo chini ya feni. Huku maji ya mtoni yamefika kwenye njia ya shule, watoto wanavuka wamebebwa mgongoni. Boksi lako nimelifunga kwenye nailoni mbili na namba yako ya simu nimeiandika pande zote kama tangazo la uchaguzi.

Nilikuuliza maswali mawili, ukanijibu kuhusu ugali.

Namba tumeishusha. Tumeishusha mpaka koleo likawa linatekenya tu. Kitambaa chenye maji tunakitumia, tulikuwa tunakitumia tangu mwanzo, mimi si mwanagenzi. Bado linanata. Nimefanya kazi thieta tangu wewe unavaa kaptura, kwa hiyo ukiniandikia tena usianze na "kwa heshima zote".

Kuhusu Mbeya, nilimwambia Mama. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mwe Angetile, huko Mbeya nani anayejua sauti yangu? Wataniharibia, na hawatajua wameharibu nini." Nikamwambia Dokta Ambilikile anastaafu mwisho wa mwaka, anarudi kwao Rungwe kufuga ng'ombe, na baada yake hapa hatutakuwa na mtu wa kugusa shingo. Akasema, "Basi anipasue kabla hajaenda kwa ng'ombe wake. Ambilikile ananisikia kila Jumapili. Huyo ataogopa inavyotakiwa." Ndivyo alivyosema, ataogopa inavyotakiwa. Baada ya hapo akanituma ungo mwingine.

Kwa hiyo Mbeya haipo. Yupo Dokta, lipo koleo lako, na upo wewe unayejua kitu usichotaka kukisema. Nimekulea, Aliko. Ukinyamaza namna hii ni kwamba jibu unalo na hulipendi. Linasambaa umbali gani?

Angetile


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, kazi zimebanana. Mtoto amepona kwa ile asali yako.

Nimetuma makoleo mapya. Utando wa nchani nimeupaka mara mbili, mzito zaidi. Yatumieni haya, yale ya zamani yarudisheni yote.

Kuhusu joto, inategemea na mambo mengi. Mwambie Mama namsalimu sana.

Aliko


Ikolo
14 Julai 2024

Mdogo wangu,

"Inategemea na mambo mengi." Niliisoma ile barua nikageuza nyuma ya karatasi nione kama jibu liko huko.

Salamu zako Mama amezipata. Mavuno yameisha, na mchele mpya umo kwenye kiroba kilichofuatana na boksi hili, mpikie Jubilate, usiugawe wote karakana kama mwaka jana. Mama halali tena chali. Anaegemezwa na mito, amekaa, na usiku kucha tunamsikia akivuta pumzi. Ibada ya mavuno alianzisha wimbo mmoja badala ya mitatu, akakaa chini. Watu walijifanya hawakuona.

Haya, makoleo mapya. Wiki ya kwanza yalikuwa kama ulivyoahidi. Hayanati, damu inakaa palepale, na Dokta alishona ngiri huku anapiga mluzi. Nikasema Kyala, Mungu wetu, amesikia. Haikuchukua muda ukorofi ukarudi uleule, na sasa yananata kuliko ya kwanza. Dokta hatupi tena vitu kwenye beseni. Anayaweka mezani taratibu na kuniangalia, na heri angetupa.

Jambo ambalo sina lawama nalo ni usafi. Tumepata mhudumu mpya wa thieta, Winnie, mama wa makamo kutoka kule ufukweni kwa wafinyanzi, Mkisi hasa. Unajua makoleo yako yalivyokuja, ncha nyeusi tii, nikaona haya kuyapanga mezani kama sufuria za mtu mvivu. Zamani tulikuwa tunayasugua kwa majivu. Winnie akasema majivu ni ya kuanzia tu. Yeye anachekecha mchanga laini wa ziwani, anayasugua mpaka weusi wote unatoka, kisha anayapitishia lile jiwe ambalo mama yake alilainishia vyungu, ndipo yanaoshwa na kuingia kwenye mashine ya mvuke. Yanametameta mpaka unaweza kufungia kilemba mbele yake. Mgeni wa wilaya alipita akasema hajaona vifaa visafi kama vyetu.

Kwa hiyo hata usithubutu kuniandikia kwamba ni uchafu wetu. Yanarudi kwako yaking'aa. Mwezi wa kumi Dokta anataka kumpasua Mama. Maswali yangu unayajua.

Angetile


Dar es Salaam
22 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Salamu nyingine zitafuata nikishapoa.

Mchanga?

Ule weusi si uchafu! Ule weusi ndio utando. Ndio kazi yangu yote. Bila ule weusi mnachobaki nacho mkononi ni chuma kitupu, na chuma kitupu kinanata, kingenata hata kwa malaika. Nimeweka ncha chini ya hadubini, hakuna hata chembe ya utando iliyobaki. Nilidhani aliyeniuzia dawa ya utando amenitapeli. Nimemtukana mtu wa watu kwenye simu mbele ya Godwin. Nimepaka mara mbili, nimekaa na tanuri Jumamosi na Jumapili, nimemkosa mtoto kwenye ubarikio wake, kumbe kule mwisho wa safari kuna mama ananisubiri na mchanga na jiwe la vyungu!

Mmesugua miaka miwili ya maisha yangu, dada. Na mkaonyesha wageni.

Maelekezo yalikuwa ndani ya boksi. Yanasema wazi msitumie kitu cha kukwaruza. Hakuna aliyesoma?

Mwambie huyo Winnie aache. Leo.

Aliko


Ikolo
4 Agosti 2024

Aliko,

Ndaga fijo kwa matusi. Sisi wazima, asante kwa kutouliza.

Maelekezo nimeyasoma. Ni karatasi moja ya Kiingereza, yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nikamsomea Winnie kwamba tusitumie kitu cha kukwaruza. Akanishika kiganja, akakipaka ule mchanga, akasema, "Sista, huu unakwaruza?" Na haukwaruzi, ni laini kama unga. Kwa hiyo tulifuata maelekezo.

Na mimi nina la kukuuliza. Nani alikutuma utengeneze chombo cha thieta chenye rangi ya masizi halafu ukipeleke Kyela? Wewe umezaliwa wapi? Umesahau kichanja cha Mama uani, sufuria zimefunikwa hapo zinawaka jua mpaka mtu wa barabarani anafumba macho? Umesahau ulivyorudishwa mtoni na sufuria ya maharage kwa sababu ya doa moja chini ya mkono wake? Ulikuwa unalia, na mimi nilikuja kukusaidia. Hapa mwanamke akianika sufuria nyeusi wanawake wenzake wanamwonea huruma, wanaulizana kama anaumwa. Halafu unatuletea koleo jeusi la kushikia nyama ya mtu, na unashangaa limesuguliwa? Ungeshangaa lisingesuguliwa! Ungelipaka utando mweupe. Ungelipaka kijani. Ungetuandikia kwa lugha ya kwenu. Ulikuwa unamtengenezea nani koleo hili, sisi au yule mlinzi wa chumvi?

Nilimweleza Mama yote. Alicheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi nimwinue. Kisha akasema, "Mwambie Aliko, kusugua nilimfundisha mimi. Anamgombeza nani?"

Kile kicheko kiliniogopesha, sikufichi. Midomo yake ilibadilika rangi. Kwa chakula sasa anameza uji na ndizi za kupondwa tu. Mimi ni muuguzi, nimeona watu wengi, lakini usiku ninapomsikia anavuta pumzi ninakaa kitandani na kuzihesabu pumzi zake kama mjinga.

Winnie ameacha mchanga kwa makoleo yako. Ila jana nilimkuta amesimama na koleo moja sinkini, analigeuza geuza, ana uso wa mtu aliyekatazwa kunawa. Hataweza, Aliko. Na akiweza yeye, wa zamu nyingine hataweza.

Angetile


Dar es Salaam
16 Septemba 2024

Dada Angetile,

Shikamoo sana. Poleni na kuuguza. Mchele tumeula wenyewe, Jubilate alificha kiroba chini ya kitanda nisikipeleke kazini.

Nilikasirika kwa muda mrefu. Kisha Jumapili moja nilikuwa naosha vyombo hapa nyumbani, nikajikuta nasugua kikaango cha Jubilate kile cha kisasa, cheusi, ambacho naye kila siku ananikataza nisikisugue. Nilikuwa nimeshatoa robo yake. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaelewa kwamba hamtaacha, na hata mimi ningekuwa pale sinkini nisingeacha.

Kwa hiyo nimetoa utando. Umetoka kabisa. Ncha za haya ninayotuma ni fedha, ile ya kutengenezea pete, nene, na juu yake hakuna kilichopakwa. Tatizo la chuma cha kwanza ni kwamba joto likizaliwa nchani linakaa palepale, nyama inaungua na kung'ang'ania. Fedha hailikalii joto, inalipeleka nyuma kuelekea mpini, kwa hiyo nyama inakauka bila kuungua. Na ikisuguliwa ikawa laini, ndiyo inazidi kukataa kunata. Mwambie Winnie asugue mpaka achoke. Godwin alipoona nimeyeyusha fedha alishika kichwa, akasema afadhali vitanda. Baadaye alibana maini mwenyewe, akabana tena.

Sasa joto. Kwa makoleo ya kwanza sikuwa na jibu, kwa sababu kila lililorudi kutoka kwenu lilipima tofauti, na sikujua kwa nini. Nilikuwa naogopa, nikaandika "inategemea". Haya mapya nimeyapima kwa maini na kwa shingo ya mbuzi. Joto linakwenda pembeni ya ncha kama nusu ya unene wa punje ya mchele. Hilo ni jibu zuri, dada, ni zuri kuliko nilivyotarajia. Lakini maini ya ng'ombe hayaimbi. Mshipa wa fahamu wa mtu aliye hai unaweza kuwa karibu zaidi ya hapo, na unaweza kuumizwa na joto ambalo kwenye maini halionekani. Hilo sijui, na hakuna kipimo hapa karakana cha kuniambia.

Swali lako la pili jibu lake ni ndiyo. Litumike kwa Mama. Isipokuwa kule nyuma, karibu na mshipa wa sauti. Pale Dokta afunge kwa uzi, kwa mkono, hata kama damu inamsumbua na hata kama koleo liko mezani linamwita. Mwambie aliyelitengeneza ndiye anayesema pale lisitumike.

Kuja sitaweza. Nilitaka kuandika kwamba ni Godwin amenikatalia, lakini hakukataa. Siwezi kukaa nje ya mlango wa thieta nikisubiri kusikia kama Mama atazungumza. Nisamehe, au usinisamehe.

Aliko


Ikolo
18 Novemba 2024

Mdogo wangu Aliko,

Ugonile. Mvua za kwanza zimeanza, shamba limetifuliwa, kakao mwaka huu zimejaa na walanguzi wako barabarani na mizani zao za kutuibia. Winnie anakusalimu. Makoleo yako ya fedha anayasugua kila jioni huku anaimba, na hamruhusu mtu mwingine kuyagusa.

Najua umekasirika. Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia. Sasa nakueleza yote, na usinikatize.

Mama alipasuliwa tarehe kumi na saba mwezi wa kumi. Dokta alinitoa thieta, akasema ndugu wa mgonjwa hashiki vifaa, mkono utatetemeka. Mimi, mkono wangu! Nilikaa nje kwenye benchi asubuhi yote na gauni langu la kazi kama mtu aliyekuja kuomba ajira. Benchi lile lina nafasi ya watu wawili, Aliko, nataka ulijue hilo.

Koleo halikunata. Dokta mwenyewe alitoka kuniambia kabla hata ya kuvua glavu. Damu ilikuwa kidogo kuliko anavyokumbuka kwenye shingo yoyote. Kule nyuma alifunga kwa uzi kama ulivyosema, alichukua muda, alilalamika, lakini alifunga. Rovu lenyewe lilikuwa kubwa kama ngumi ya mwanamume. Usiku ule Mama alilala chali akapumua kimyakimya, na mimi sikulala kwa sababu sikuzoea ule ukimya.

Asubuhi akafungua mdomo kunisalimu, na hakikutoka kitu. Ulitoka upepo tu.

Ndiyo maana sikuandika. Ulipopiga simu nikakwambia anaendelea vizuri. Ukaomba kuongea naye nikasema amelala. Hakuwa amelala, alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe cha chai, ananiangalia nikidanganya. Siku zote hizo alikuwa anazungumza kwa mikono na kwa kugonga meza, na akikasirika, na alikuwa anakasirika sana, alinirushia kitambaa cha jikoni. Nilikuchukia kidogo. Nilimchukia Dokta kidogo. Nilijichukia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuuliza maswali mpaka ukasema ndiyo.

Mwanzoni mwa mwezi huu sauti ilianza kurudi. Imerudi, Aliko. Lakini ni ya chini. Ile ya juu, ile ya kuanzishia nyimbo, haipo. Dokta anasema huenda ikaja katikati ya mwaka ujao, huenda isije. Huenda mshipa ulivutwa wakati wa kuinua rovu, huenda ni joto, huenda ni rovu lenyewe lililoukandamiza miaka yote hiyo. Usiniulize ni ipi. Hakuna atakayejua kamwe, na nikisikia umerudi kuchoma maini kutafuta jibu la hili nitapanda basi nije nikuchape mbele ya huyo Godwin wako. Mama alinikataza nisikuandikie habari ya sauti ya juu. Nimeandika, kwa sababu nawe uliniambia kweli, na unastahili kuambiwa kweli.

Jana alikwenda kanisani mara ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alikuwa amempanga Lucy aanzishe, kwa upole tu, ili Mama asihangaike. Lucy akasimama, akakohoa kidogo kusafisha koo, na kabla hajafungua mdomo Mama alikuwa ameshasimama kwenye benchi lake la siku zote na ameanza. Alianza chini, chini kabisa, kule wanaume wanakoanzia. Wanawake wakapokea kwa juu kama walivyozoea, wimbo ukapasuka vipande viwili, watu wakaangaliana. Mama akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeangalia sakafu.

Akageuka nyuma, na kovu lake jipya, bila kitenge, akawatazama wote. Akasema kwa sauti ile mpya, "Mimi niko huku chini. Njooni."

Akaanza upya, na wakaja. Lucy alishuka kwanza, kisha wanawake wote, kisha vijana, wakaimba beti zote pale chini alipo yeye. Nililia mpaka Mchungaji akanitazama.

Leo asubuhi wazee wa besi wamekwenda kulalamika kwamba mwanamke amekaa mahali pao na wao hawana pa kushukia tena. Mama amewajibu wachimbe.

Dada yako,
Angetile